Uliponiita Nikabaki Ngazini

Shangazi,

Sianzi kwa salamu. Ningekuwa na moyo wa kukusalimu, nisingekuwa na haja ya kukuandikia. Na moyo wenyewe umechoka, daktari hafichi tena.

Mama alikufa akinizaa, baba akanileta kwako Ndia Kuu, na kabla sijalijua vizuri jina langu nilijua kuwa mimi ni kisirani. Kila harusi ulinitoa chumba cha hina mbele ya wanawake wote. "Toka humu, mkosi we! Wataka kumuulia mwenzio mume?" Wao wanacheka, mimi nashuka ngazi. Nikasoma, nikawa mwalimu, nikafundisha watoto wa watu kufikiri. Chumba cha hina sikuingia, hata cha binti yangu.

Sasa nina mshauri nasaha hospitalini, binti wa bara, rika la wajukuu zangu. Siku ya kwanza alisema, "Bibi, nipe ushahidi kwamba una mkosi." Nikamjibu: shangazi yangu kasema. "Na yeye alijuaje?" Nilikasirika, nikakaa wiki mbili bila kurudi. Kisha nikarudi.

Ubaya ni huu. Siku uliyokata roho uliniita mara tatu. Nilikusikia. Nilikuwa ngazini, gilasi ya maji mkononi. Sikupanda. Miaka yote nimewaambia watu, na nafsi yangu, kwamba niliogopa kukuletea kisirani changu. Lakini kama kisirani hakipo, Shangazi, nini kilinizuia? Woga ulionilisha wewe, au nilitaka ufe na kiu? Nimemuuliza mshauri. Hajui. Anasema huenda nami nisijue kamwe, na kwamba mtu anaweza kuishi hivyo. Rahisi kusema, ukiwa na umri wake.

Ijumaa mjukuu wangu anapakwa hina, kwao Bondeni. Ameapa kwamba ua la kwanza la hina litatoka mkononi mwangu, au hapakwi. Nimekubali, na tangu hapo sili vizuri. Sina hakika kwamba ulikosea. Nusu yangu bado ni yako, nakuchukia kwa hilo, nami nitakwenda nayo Bondeni nusu hiyo, sina nafsi nyingine.

Radhi sikuombi, na yangu sikupi. Atahukumu Mwenye kuhukumu, na karibuni tutasimama mbele yake sote wawili. Kwaheri, Shangazi. Nakuahidi jambo moja: mkono wangu ukitetemeka na ua likapinda, litabaki limepinda, nami nitakaa hapo hapo mpaka hina ikauke.