Maneno ya Mama wa Mfungwa

Kairo, Machi 1968

Dada yangu Inshirah,

Salamu zangu zikufikie huko Tanta, wewe, shemeji na watoto. Kifua cha mama kimepoa? Mimi mwili mzima; roho ndiyo imechoka, na aliyeichosha ni Ustadhi Rifaat, mwongozaji wa kundi letu la maigizo.

Tangu arudi kutoka Paris hana wimbo ila uhuru. Ametunga mchezo wa mfungwa ambaye mlango wa chumba chake haujafungwa, na bado hatoki. Humo mimi ndiye mama yake. Kila mazoezi ni ubishi: mtu anachagua, au anachaguliwa? Chai inapoa, mchezo hauendi.

Wanafunzi walipoandamana, Wagdi, kijana aliyecheza mfungwa, alikwenda nao akakamatwa. Nikamsihi Ustadhi twende kituo cha polisi tukadai aachiwe. Akavuta sigara yake akasema, “Uhuru uko ndani, Safinaz.” Nikamjibu, “Na Wagdi naye yuko ndani. Kamwambie!” Akanuna, kisha yeye mwenyewe akaichukua nafasi ya Wagdi katika mchezo.

Halafu akaja mkaguzi wa serikali, akafuta maneno yangu ya mwisho: “Toka, mwanangu, hakuna aliyekufungia.” Badala yake nilie tu. Ustadhi akakubali palepale, eti kunyamaza nako ni kuchagua. Dada, nilitamani kumrushia birika!

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Wakati wa kulia ulipofika, machozi yalikataa. Nikamshika Ustadhi mkono nikayasema yale maneno yaliyofutwa kwa sauti. Akaninong’oneza, “Mwanamke, utatuponza!” Watu wakasimama, wakapiga kelele, “Toka, ustadhi, toka!” Yeye kang’ang’ania kitanda cha mfungwa, mpaka pazia likashushwa.

Asubuhi polisi wakaufunga ukumbi. Nikajitayarisha, nikavaa koti zito, nikangoja waje. Hawakuja. Kumbe Ustadhi alikwenda kituoni kwa miguu yake, akasema maneno ni yake, aliniamuru niyaseme, mimi sijui lolote. Wakamweka ndani.

Kundi zima linalia na kumsifu. Mimi nimekasirika, Inshirah. Nimelia pia, sikufichi, lakini nimekasirika. Maisha yangu yote nasema maneno ya watu. Mara moja nimesema kwa hiari yangu, naye anawaambia niliamriwa!

Basi ujue kabla hujasikia kwa wengine, nawe umtayarishe shemeji, maana kazi yake ni ya serikali: nikishaitia barua hii posta, naenda kituoni kuwaambia nilisema mwenyewe.

Mbusu mama mikono. Mwambie nina kazi nyingi.

Mdogo wako akupendaye,
Safinaz