Kilichomo Kwenye Unga

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba Bibi sasa anaweza kuketi bila kushikiliwa mgongo. Sisi huku ni wazima wa mwili. Kinachonisukuma kuandika ni jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na unanijua, kwenye simu sauti hunikauka.

Baba amekwambia mgahawa unakwenda vizuri. Amekuficha ukweli ili usiongeze mawazo. Wiki iliyopita, meza zote zikiwa zimejaa, mtoto mdogo alikula kuku wetu, midomo ikavimba, pumzi ikaanza kumpaa. Wazazi wake wakamkimbiza hospitali. Punde simu ya kaunta ikalia. Muuguzi alitaka kujua unga tunaokaangia kuku una nini ndani. Mpishi, yule anayeniita Profesa na kudai vitabu vyangu havijawahi kugeuza kuku hata mmoja, alijibu kwamba unga huja kwenye mifuko iliyofungwa, iliyoandikwa namba tu. Anayejua ni Baba, maana kampuni inayotukodishia jina la mgahawa ilimpa kitabu cha maelekezo, naye akatia saini kwamba atatunza siri zake. Baba alishika simu, akamwambia muuguzi asubiri kwanza aombe ruhusa makao makuu. Huko simu iliita tu, haikupokelewa.

Mtoto alipona. Mtu alimpigia muuguzi akamwambia kuna karanga zilizosagwa, daktari akapata uhakika wa anachotibu. Baba wa mtoto aliandika mtandaoni kumshukuru huyo mtu wa mgahawani asiyemjua. Shukrani hiyo ndiyo iliyotuponza. Kampuni imeiona, inasema siri imevuja, na inataka jina la aliyeivujisha, la sivyo itang'oa bango lake na kutufungia.

Baba alimshuku Mpishi, kwa kuwa huonja kila kitu. Mpishi alicheka, akasema ulimi wake ungekuwa na akili hiyo, leo Baba ndiye angekuwa anamwoshea yeye masufuria. Baba hakucheka. Alimwita msaliti mbele ya wahudumu, akamwambia akae nyumbani. Jina lake lingepelekwa kesho. Jioni hii mke wa Mpishi alikuja. Alikataa kiti. Aliniuliza, akiniita mwanawe, kama sijasikia lolote kuhusu aliyepiga simu ile, nikajibu sijasikia.

Mama, ni mimi. Nilikuwa nimekisoma kile kitabu, kama ninavyosoma hata maandishi ya kopo la sabuni. Nilichukua namba ya muuguzi kwenye simu ya kaunta, nikampigia nikiwa stoo, nikanong'ona, nikakata.

Leo nimeusoma na mkataba wenyewe aliotia saini Baba. Kifungu cha siri kimeacha mlango wazi: jambo linalogusa uhai wa mtu linaweza kuelezwa kwa daktari, mradi kampuni ijulishwe kwa maandishi ndani ya siku saba, na aliyesema atajwe. Kwa hiyo kusema kwangu hakukuwa kosa. Kunyamaza kwangu ndiko kunakotupeleka kwenye kosa, maana siku hizo zinaisha kesho.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, nikaenda sebuleni. Baba alikuwa anapiga pasi shati la kazini. Nilimweleza yote. Aliniuliza imekuwaje nikamwacha amtukane mtu mzima asiye na hatia. Nikampa mkataba. Alikisoma kifungu kwa kidole, akazima pasi. Kisha akasema nikuandikie na hili, nisikufiche: siku ile, simu ikiwa mkononi, aliliwaza bango, hakumwaza mtoto.

Ni siku ya pili sasa, mchana, ndipo namalizia barua hii. Asubuhi tulipeleka taarifa kwenye ofisi ya kampuni, ina jina langu na saini ya Baba. Wameipokea, uamuzi wao tunausubiri. Kutoka hapo tulikwenda kwa Mpishi. Mkewe alifungua mlango, Baba akaanza kuomba radhi, nami nikamwomba anipishe kwanza. Nilimwambia yule mama kwamba nilimdanganya, nikamwambia Mpishi aliyesema ni mimi. Sikunong'ona. Mpishi hajasema kama atarudi kazini.

Mwambie Bibi namwamkia, na umsomee barua hii ukiona inafaa.

Akusalimuye kwa heshima,
Binti yako