Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Jumanne, Oktoba

Mgongo unaniuma. Leo nimemwinua Mzee Walter, ninayelipwa kumtunza nyumbani kwake, mara mbili, kumwingiza garini na kumtoa, nami nilikuwa nimetoka shifti nyingine asubuhi.

Gari lake la miaka ya hamsini limeuzwa. Ni lile la milango miwili walilotengenezewa wauzaji wa kuzunguka mijini: kiti kimoja kirefu mbele, nyuma hakuna kiti, halafu buti refu la mizigo. Aliuza viatu Minnesota nzima akiwa nalo.

Mnunuzi, bwana mmoja wa Lakeville, alisema ataweka kiti cha nyuma ili wajukuu wapate pa kukaa. Mzee akakataa katakata. "Utaliharibu!"

Linda, binti yake, akaweka karatasi za mauzo chini. "Baba, mimi sikuwahi kupanda gari hili hata siku moja. Ulikuwa ukisema halina nafasi ya mtoto."

Mzee akaniambia, "Grace, nisaidie niingie."

Akajivuta katikati, akapigapiga kiti kando yake. Linda akaketi hapo, mnunuzi akashika usukani, wakazunguka mtaa mara tatu. Waliporudi Linda alikuwa analia. Mzee akamwambia yule bwana, "Kiweke hicho kiti."

Mimi nilibaki kwenye baridi nikimfikiria binti yangu Njeri, miaka saba, anayeshinda kwa jirani kila Jumamosi nikiwa kazini.

Nimemwandikia msimamizi kwamba Jumamosi hii siingii kazini. Bado hajajibu, na naogopa. Lakini Njeri nimeshamwambia.