Figo Kubwa Si Figo Nzima

Mabela, Maskati
Ijumaa asubuhi

Kwako mke wangu, Mama Zawadi,

Mmeamkaje huko Voi? Goti lako bado linakuuma ukipanda ngazi za kanisa? Na Zawadi, kile kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, na safari hii nikisema ni mzima namaanisha. Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho. Mwisho wake ni mwema, kwa hiyo soma polepole. Bahasha hii ataileta Mwangi, ninayekaa naye chumba kimoja, maana anakuja likizo.

Unakumbuka nilipokupigia simu nikakwambia nimepigwa picha ya figo, zikaonekana kubwa kuliko kawaida? Ulipiga kigelegele hadi nikaondoa simu sikioni. Ukachinja jogoo, ukasimama kutoa ushuhuda kanisani. Furaha hiyo, Mama Zawadi, nilikupa kwa kukosea.

Nikueleze nilivyofikiri. Kaka yangu Mwakio, mwenye sukari kama mimi, alipoanza kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, tuliambiwa figo zake zimesinyaa. Basi tangu kliniki ya sukari iniambie kwamba mkojo wangu una protini, kila nikifumba macho nilikuwa naiona ile mashine. Nikapigwa picha, nikapewa karatasi ya majibu, na daktari alikuwa wa kuonwa wiki iliyofuata. Nikaisoma mwenyewe. Kubwa kuliko kawaida! Nikasema, ikiwa za kaka zimesinyaa na zangu zimekua, basi mimi na mashine njia zetu ni mbalimbali. Shajara yangu ya siku hiyo inasema hivi: "Figo zote mbili zimekua. Namshukuru Mungu."

Nikaingia kwa daktari nikitabasamu. Ni mama wa makamo, Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Nikamwambia nimeshasoma majibu na nimeridhika.

"Nani kakwambia figo kubwa ndo figo nzima?"

"Nilisoma biolojia hadi kidato cha nne, daktari."

"Basi leo ingia cha tano. Kaa kitako."

Akanieleza, nami nikaandika kila neno. Mwili una vichocheo vya ukuaji. Ni kama wajumbe wanaoziamuru chembe hai zikue na ziongezeke. Ukijikata kidole, hao ndio wanaoita ngozi mpya. Lakini sukari ikizidi kwenye damu mwaka baada ya mwaka, wajumbe hao hutumwa kwenye figo kila siku ilhali hakuna jeraha la kuziba. Figo inavimba, vichujio vyake vinafanya kazi kupita kiasi hadi protini inaanza kupenya. Wasipotulizwa wanaendelea kujenga, na mwishowe wanachojenga ni kovu. Kovu halichuji kitu. Hapo ndipo figo husinyaa.

Nikauliza, "Kwa hiyo kaka yangu naye alianza na kubwa?"

"Huenda. Hakuna aliyempiga picha mapema tukajua."

Nilitoka pale nikarudi chumbani. Sikukupigia simu siku hiyo, na ulipopiga wewe nikasema niko kazini. Miezi mitatu nimekuficha. Unisamehe. Nilishindwa kuurudisha ule ushuhuda wako.

Daktari alinipa dawa ya presha, ingawa presha yangu si mbaya. Alisema inapunguza msukumo ndani ya vichujio na kuwatuliza wale wajumbe. Lakini dawa haitoshi kama sukari haishuki, kwa hiyo akataka kujua ninachokula. Nikamwonyesha shajara. Unanijua, kila mlo umo. Akasoma kurasa kadhaa, akanitazama.

"Wewe si unauza vipuri vya magari dukani kwa Mwarabu?"

"Ndiyo."

"Mbona humu hamna tende hata moja?"

Nikamwambia zile si chakula, ni za kuwakaribishia wateja. Hapa mteja akiingia hupewa kahawa na tende kabla ya kuulizwa anataka nini, na si adabu kumwacha ale peke yake. Kwangu ile ilikuwa kazi.

"Na tumbo lako linajua kuwa hizo za wateja?"

Alicheka hadi nesi akachungulia. Kesho yake nikamweleza tajiri wangu, Mzee Nassor, nikiogopa ataona simthamini mgeni wake. Akanishika bega. "Mwanangu, kwa nini hukunambia? Wewe mimina kahawa tu. Tende ntakula miye, na mgeni akiuliza, mwambie kijana kafunga." Sasa kuna wateja wanaoamini mimi ni mcha Mungu kuliko imamu wao.

Jumanne wiki hii nilirudi kupimwa. Nilikaa kwenye benchi nimeshika kofia, hata sala sikuikumbuka. Daktari akasoma, akarudia kusoma. "Sukari imeteremka. Protini imepungua sana, imebaki kidogo. Na damu yako yaonyesha figo bado zachuja vizuri. Umewahi." Akasema dawa ni ya kila siku na kipimo ni cha kila baada ya miezi michache, labda maisha yote. Nikamjibu maisha yote ndiyo ninayoyataka. Nilipofika nje nikakaa kwenye kivuli cha ukuta, nikalia kama mtoto, na sikujali nani anapita.

Nawe pia, na Zawadi, nendeni mkapime sukari na mkojo, hata kama hamuumwi popote. Mimi sikuumwa popote.

Nisalimie mama mkwe, na shangazi anayekusaidia shambani. Kaka Mwakio mwambie namwombea kila siku. Haya mengine nitamweleza mwenyewe, ana kwa ana. Mchungaji naye mwambie ule ushuhuda haukuwa wa bure, uliwahi tu kidogo.

Mzee Nassor amenikubalia likizo ya mwezi mzima. Nakuja, Mama Zawadi, na figo zangu nakuja nazo zote mbili.

Mumeo akupendaye,
Baba Zawadi