Mwaka wa Nyongeza Chuoni

Mjukuu wangu Tusekile,

Ugonile, umelalaje huko? Kakao tumeshaichuma. Shangazi yako amehamia Mbeya na watoto, hivyo katika nyumba hii ya Ipyana sauti ninayoisikia ni kikohozi changu tu.

Unaniuliza iwapo, baada ya korona kufuta mashindano, ukubali mwaka wa nyongeza chuoni waliokupa ili ushindane, ingawa ufadhili wa riadha hautagharimia malazi na wenzako wote watakuwa wamehitimu.

Nilipokuwa mkimbiaji wa shule, kipindupindu kilisimamisha michezo yetu. Mwalimu akaniambia, "Rudia darasa, ndipo utaruhusiwa kukimbia mwakani."

"Nikae na wadogo, Mwalimu? Wataniita babu wa darasa!"

Kwetu wakati huo mtu alikula, alilima na kujenga pamoja na rika lake. Nikaacha shule ili niwe na wenzangu waliokuwa wanamaliza. Haikupita miezi mingi, wote wakaondoka kutafuta kazi migodini. Nikabaki nalima mpunga peke yangu, na miguu ingali na mbio.

Kubali mwaka huo, ukimbie. Malazi tutayalipa kwa kakao. Moyo wangu unataka urudi hata kesho, lakini katika hili usiusikilize.

Babu yako