Mashine ya Mume wa Rathini

Vasuki, uko hapo?

Ile mashine ya boti, ya mtumba, aliyonunua mume wangu jana huko mjini Mannar. Leo kaishusha ufukweni, Rathini akaiona. Akaipapasa kifuniko. "Hii ni ya mume wangu. Huu ufa tuliuchomelea pamoja."

Vasuki, ni yule mume wake aliyepotea baharini, miezi minne sasa. Yeye hajaonekana, wala boti yake.

Yogan wangu akaapa, "Dada, kuna mtu kaniuzia." Akampigia huyo mtu, simu imezimwa.

Rathini halii, wala haitaki mashine. Kamkamata Yogan shati. "Nani aliifungua kwenye boti? Na mume wangu walimwacha wapi?"

Walimwacha wapi, anarudia hilo tu.

Yogan anapiga tena ile namba, bado imezimwa. Na sasa ufukwe mzima unamtazama yeye.