Diploma Iliyofungwa Plastiki

Jana asubuhi nilipoteza nafasi yangu ya kusomea shahada ya uuguzi. Leo Jumanne mawingu yanazunguka Kolwezi tu bila kuangusha mvua, na mi bado nina hasira.

Masharti niliyatimiza. Chuo kilitaka diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, yenye asilimia hamsini na tano; yangu ina sitini na nane. Cheti cha daktari, barua ya tabia njema, picha nne: vyote nilipeleka. Nimejisomesha kwa kukaanga na kuuza bitumbula, maandazi yetu ya duara, soko la Manika, moshi machoni, kitabu magotini.

Sekretere wa kupokea wanafunzi aliishika diploma yangu kwa vidole viwili, akaigongagonga mezani.

"Mama, hii njo diplome, ao njo ya kuwekea sahani?"

Wenzake wakacheka. Diploma iliyofungwa plastiki haipokelewi, akasema, maana muhuri lazima uguswe. Niombe nyingine Kinshasa. Kinshasa! Na wao wanafunga kupokea Ijumaa.

Nani hapa kwetu hakuifunga yake plastiki?

Nakumbuka siku matokeo yalipotoka. Mama alinimwagia pudra kichwani, kama tunavyomshangilia aliyefaulu, hadi nyusi zikawa nyeupe, majirani wakanizungusha avenyu nzima wakiimba, na mi napiga chafya tu. Diploma yenyewe ilipofika, miaka baadaye, tata, baba yangu, alioga, akavaa shati la kanisa, akaipeleka mwenyewe kwa mupiga fotokopi ifungwe plastiki. Alikuwa fundi wa magari ya mgodi, na adui yake alimjua.

"Hii vumbi ya Kolwezi inakulaka mpaka chuma. Itaacha karatasi?"

Akaitundika sebuleni, juu ya televisheni. Ndugu zetu wa Kasai wakija, wanasomewa asilimia kabla hata ya kupewa maji. Nilikuwa naona haya. Sasa tata hayupo, na natamani kumsikia akiisoma tena, hata akikosea kutamka "biochimie", mchepuo wangu.

Jana jioni nilijaribu kuibandua kona moja kwa pasi. Plastiki ilitoka na wino.

Nikaacha.

Sitaiharibu kazi ya tata ili mtu aguse muhuri ambao macho yake yanauona.

Bwana sekretere, najua ukurasa huu wa mtandaoni utakufikia, wanafunzi wako wanausoma. Namba ya diploma inasomeka vizuri. Ipeleke kwa wenye kuihakikisha, wakujibu. Usiniambie "tutaona, mama". Unanipokea ao unanikataa? Nataka neno moja, kabla ya saa sita mchana, Ijumaa.